Jinsi ya kujiamsha ukiwa ndani ya ndoto unayojua kuwa ni ndoto

Kuna usiku unaota na unajua kabisa kuwa unaota. Mwanzoni ni raha tupu. Kisha mambo yanageuka, unataka kutoka, na mlango huuoni. Mimi hupatwa na hali hii zaidi kuelekea alfajiri, na hivi ndivyo ninavyotoka.

1. Usikurupuke. Kukimbia na kupiga kelele hunogesha ndoto tu. Wala usijizungushe kama pia: hiyo ni mbinu ya wanaotaka kubaki humo.

2. Kodolea macho kitu kimoja. Hapa ndipo penye kazi. Wakati wa ndoto misuli mingi hulegea kama imefungwa, ila macho na pumzi huachwa huru. Mwaka 1975, huko Hull, Uingereza, Alan Worsley alimpa mtafiti Keith Hearne ishara kwa kupeleka macho kushoto na kulia, huku yeye Worsley amelala na anajua kuwa anaota. Kumbe ukitazama ndotoni, macho yako ya kitandani yanaweza kufuata! Basi yatulize. Chagua kitu kisichosogea, tuseme msumari ukutani, ukitazame bila kupepesa. Kwangu msumari huanza kutetemeka, ukuta ukafifia kama wino uliomwagiwa maji, halafu nahisi uzito wa shuka miguuni. Usihamishe jicho hata ukiitwa jina.

3. Ikigoma, fumba macho kwa nguvu humo humo ndotoni, uyafumbue ghafla. Rudia mara 2 au 3.

4. Umezinduka lakini mwili hausogei? Ni lile jinamizi la kukaba watu. Linatisha, ila hupita lenyewe. Usishindane nalo kwa kifua. Hema polepole, kisha jaribu kidole kimoja tu cha mguu.

5. Hakikisha umeamka kweli. Niliwahi kuamka, nikatandika kitanda, nikapiga mswaki, nikainua uso kwenye kioo: sura haikuwa yangu. Siku hizi, kabla ya lolote, nabana pua na kufunga mdomo, kisha navuta hewa. Ikipita, bado naota, narudi hatua ya 2.

6. Kaa kitako, washa taa, tembea kidogo. Ukigeukia tu ubavu wa pili, usingizi unaweza kukurudisha palepale ulipotoka. Mimi huenda kunywa maji, hata kama sina kiu.