Riwaya ya utapeli wa pesa za kimataifa: tangulia na njia ya pesa

Nimemaliza kumsaidia kijana wa Wete na mswada wake wa kwanza. Kusimulia anajua: bandari ya Mkoani usiku, boti, vitisho, vyote vimo. Ila dola milioni mbili ziko Dubai, ukifunua ukurasa ziko akaunti ya Unguja, na zilivyopita hatuambiwi. Ndipo riwaya nyingi za aina hii zinapovuja.

Hatua ya 1: Chagua biashara. Ukichukua karafuu, mnunuzi halali ni mmoja tu, shirika la serikali la ZSTC, kwa hiyo kampuni yako ya kubuni itabidi iwe ya magendo. Mimi napendelea mwani. Kampuni binafsi hununua na kusafirisha.

Hatua ya 2: Chora njia ya pesa kabla ya kuandika sura yoyote. Karatasi moja kubwa na penseli. Programu za kupangia hadithi siziamini kabisa, maana visanduku vyake vizuri huficha mashimo. Kila kituo andika: nani katuma, hati gani, nani katia saini, saa ngapi.

Dola haziruki kutoka Dubai hadi Unguja. Kwa kawaida hupitia benki kubwa ya New York ambako benki nyingine huweka akaunti. SWIFT nayo, mtandao wa benki wa kutumiana taarifa, hubeba ujumbe tu, pesa haubebi. Anayeudukua anaiba amri ya kulipa.

Kisha hati. Tuseme kampuni ya Dubai "inanunua" makontena tisa ya mwani na kulipa kwa pesa za haramu, lakini linalosafiri ni moja. Ankara inasema tisa, kwa hiyo manane yanahitaji namba za uongo. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zilizotangulia. Mtapeli kajibunia tu. Karani wa bandari ya Malindi, Unguja, anachukua kalamu, anapiga hesabu pembeni mwa karatasi, jibu ni 4, karatasi inasema 9. Hapo huhitaji bastola.

Usisahau kalenda. Februari 2016 wezi walituma amri za karibu dola milioni 951 kwa jina la benki kuu ya Bangladesh kwenda Federal Reserve ya New York, tawi la benki kuu ya Marekani. Walianza usiku wa Alhamisi, kwani Dhaka hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Dhaka ilipofungua Jumapili, New York imefungwa. Jumatatu Manila ikawa na sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Dola milioni 81 zikaishia Ufilipino. Sisi tuna mwandamo wa mwezi: mpaka usiku hujui kama kesho ni Idi, wala kama benki itafunguliwa. Mweke mwizi wako kwenye usiku huo.

Hatua ya 3: Amua nani anashtuka. Benki inatakiwa kuripoti muamala wa shaka, na ni kosa kumdokeza mteja kwamba ameripotiwa. Afisa anayemnywesha kahawa rafiki yake huku akijua, hiyo ni sura nzima.

Hatua ya 4: Andika. Maelezo ya benki yasizidi aya moja kwa mkupuo.

Hatua ya 5: Sura za pesa peke yake mpe mtu wa benki na mtu wa forodha wazisome, kabla mswada haujafika kwa mhariri.