Kabla hujaripoti chuo, panga namna utakavyomaliza

Barua ya udahili ikifika, akili yote huenda kwenye godoro, begi na ada ya muhula wa kwanza. Kabla hujafunga begi hilo, nakuomba ukae chini na hesabu nyingine: utamalizaje?

Anza na pesa. Piga hesabu ya miezi yote, si ya siku ya kuripoti tu. Mwezi wa tatu tangu uripoti ndipo nauli, kodi ya chumba na kuchapisha kazi huanza kumwelemea mtu.

Kisha tafuta kanuni za mitihani, uzisome kabla ya kitabu chochote. Humo utakuta kiwango cha mahudhurio, taratibu za sapu, yaani mitihani ya marudio kwa aliyefeli, na namna ya kuahirisha masomo ukiugua au ukifiwa. Ikibidi uondoke, ondoka kwa maandishi, maana anayetoweka kimya kimya huhesabiwa ameacha.

Jipange pia kimuda. Kwenye mfumo wa krediti, yaani vipimo vya kazi ya masomo, wa vyuo vya Ulaya, mwaka ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi. Hizo ni saa 1,500 hadi 1,800, na nyingi utazisoma peke yako.

Kubwa kuliko yote ni watu. Mwaka 1975 Vincent Tinto, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza kwamba kubaki chuoni kunategemea jinsi mtu anavyoshikamana na masomo na pia na jamii ya pale. Mimi nililiona kwa macho. Niliishi chumba kimoja na kijana aliyenizidi akili. Daftari lake lilikuwa na tarehe juu ya kila ukurasa, mwandiko umenyooka, hadi wiki ya sita. Alikosa zoezi moja, akaona haya kumfuata mhadhiri, akaanza kukwepa semina wasije wakakutana. Kuanzia hapo kurasa ni nyeupe. Hakuna aliyemuuliza, hata mimi niliyelala hatua mbili kutoka kitanda chake, na bado inaniuma.

Kwa hiyo, wiki mbili za kwanza zisipite hujajua ofisi ya mshauri wako wa masomo, wala hujapata wenzako wawili watatu wa kusoma nao, ambao siku usipoonekana watakugongea mlango.

Tasnifu nayo, yaani andiko la utafiti wako, isikusubiri mwaka wa mwisho. Wapo waliofaulu mitihani yote wakakwama hapo. Ukipata kazi kabla ya kuikabidhi, pangeni kwanza na msimamizi tarehe ya kila sura, ndipo uanze kazi.