Kuwashukuru askari wa kituo chenu hadharani, bila shukrani kugeuka rushwa

Julai 12, 2015 usiku watu wenye silaha walivamia Kituo cha Polisi Stakishari, Ukonga, Dar es Salaam. Waliua watu saba, wanne kati yao askari, wakaondoka na bunduki. Agosti 2016 askari wanne waliuawa Mbande, kwenye tawi la benki walilokwenda kulinda. Aprili 2017 wanane waliuawa Kibiti wakitoka lindo. Agosti 2021 watatu waliuawa pamoja na mlinzi wa kampuni binafsi, mchana kweupe, karibu na Ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anakimbizana na majambazi kama kwenye sinema. Walikuwa kaunta, lindoni, kwenye gari la kubadilishana zamu. Ndiyo maana shukrani yenye uzito hutaja kazi ya kila siku iliyofanywa vizuri. Ile ya "tunawapongeza kwa kazi nzuri mnayoifanya" haimfikii mtu yeyote, na askari wanajua hivyo.

Mwongozo huu ni kwa mtaa, soko, shule, kijiwe cha bodaboda, msikiti au kanisa linalotaka kushukuru kituo chake. Mifano ni ya Tanzania. Kenya tutaigusa mbele.

Kwanza, tafuteni tendo

Kaeni watu watatu au wanne mwandike mlichokiona: tarehe, saa, mahali, nani alifika, alifanya nini. Askari wa vyeo vya chini hutambulika kwa namba, na wa kike namba yake hutanguliwa na WP. Kama hamkuinakili, msibahatishe. Nendeni kituoni na tarehe na namba ya RB (namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni), muulize nani alikuwa zamu. Kumtaja asiyehusika huleta manung'uniko kituoni, na aliyejitoa mhanga ndiye anayeumia.

Tendo linaweza kuwa dogo. Trafiki anayevusha watoto wa shule kila asubuhi anasimama kwenye moshi, vumbi na magari ambayo breki zake hakuna anayezijua. Askari wa dawati la jinsia na watoto husikiliza siku nzima mambo ambayo wengi tusingeweza kuyasikiliza kwa saa moja. Anayekwenda kuopoa maiti kwenye mto au kisima mara nyingi huenda bila vifaa. Hao husahaulika, kwa sababu kazi yao haina kelele.

Kisha jichunguzeni wenyewe. Kama kati ya waandaaji yupo mwenye kesi inayopelelezwa kituoni hapo, aondoke kwenye kamati na asichangie hata shilingi. Mwenye baa inayogombana na polisi kuhusu saa za kufunga naye akae pembeni, na vilevile mwenye mabasi ambayo trafiki wanayakamata kila wiki. Haijalishi nia yake ni njema kiasi gani. Ngao ikishatolewa, watu wataangalia nani kaitoa.

Mtaani pia kuna waliopigwa, waliobambikiwa kesi au wanaodai dhamana ilikuwa na bei. Msiwanyamazishe kwa sherehe. Malalamiko yao yaende kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD) au kwa kamanda wa mkoa, na rushwa iripotiwe TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113. Shukrani itaje askari na tendo, isiwe cheti cha usafi kwa kituo kizima. Wakati wa kampeni na majuma yanayozunguka uchaguzi, ahirisheni kabisa. Hakuna fulana wala kofia ya chama itakayoeleweka vizuri siku hiyo.

Barua ndiyo zawadi kubwa

Wengi huanza na keki. Anzeni na barua. Keki huliwa ikaisha, barua inaweza kuingia kwenye jalada la askari na kuonwa na wakubwa wake. Iwe ukurasa mmoja, kwa jina la Mkuu wa Kituo (OCS), nakala kwa OCD na Mtendaji wa Kata. Mfano:

*Mkuu wa Kituo,*
*Kituo cha Polisi ________.*

*YAH: SHUKRANI KWA ASKARI WA ZAMU YA USIKU, TAREHE ________*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Usiku wa tarehe tajwa, saa 8:20, wakazi wa eneo la soko walipiga simu kituoni baada ya kundi la watu kuanza kumpiga kijana aliyetuhumiwa kuiba. Askari wawili, namba ________ na namba ________, walifika kwa pikipiki baada ya dakika kama kumi na tano. Walisimama kati ya kundi na kijana huyo, wakamtoa akiwa hai na kumpeleka hospitali. Mmoja wao alipigwa jiwe begani. Hawakufyatua risasi.*

*Tunawashukuru kwa kuokoa uhai na kwa utulivu wao. Tunaomba barua hii isomwe kwenye paredi na nakala iwekwe kwenye majalada yao.*

*Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa (sahihi na mhuri)*

Angalieni kilichotajwa na kilichoachwa. Jina la kijana halipo, wala hakuitwa mwizi, kwa sababu hilo ni la mahakama. Shahidi hakutajwa. Hatari imeelezwa kwa jambo moja linaloonekana, jiwe la begani. Kutokufyatua risasi kumesemwa wazi, maana mtaa unaoshukuru utulivu unawaambia askari wote wa kituo ni kazi ya namna gani unaitaka. Barua inayosifia "kuwashughulikia wahalifu ipasavyo" inaweza kuja kusomwa vibaya siku nyingine, na mhuri wenu uko chini yake.

Ipelekeni ndani ya wiki mbili. Chukueni nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Ikipita mwezi bila kusikia kama ilisomwa, nakala ya OCD ndiyo itakayowasaidia kuuliza kwa adabu.

Zawadi: pesa marufuku, bahasha marufuku

Kila mtu anaijua "hela ya soda". Hata ikitolewa jukwaani mbele ya watu mia, pesa mkononi mwa askari inabaki kuwa pesa mkononi mwa askari. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa anayetoa na anayepokea. Vocha, mafuta ya gari binafsi na kulipiwa ada ya mtoto viko kwenye fungu hilohilo. Kwa askari mmojammoja, toeni cheti au ngao yenye jina, tendo na tarehe. Vitu vya kutumia vitolewe kwa kituo, kwa maandishi.

Kabla ya kununua chochote, muulizeni OCS mambo mawili: kinahitajika nini, na nani ataidhinisha kupokea. Kwa kitu kikubwa kama pikipiki, bati au kompyuta, suala litapanda hadi kwa OCD au kamanda wa mkoa, kwa hiyo wapeni muda. Pikipiki ndiyo zawadi inayopigwa picha sana na kufa mapema: miezi michache baadaye tairi limeisha, mafuta hakuna, imeegeshwa nyuma ya kituo. Kama hamna uwezo wa kuchangia matengenezo kwa utaratibu rasmi, nunueni vitu vidogo vingi.

Vizibao vya kung'aa kwa askari wa barabarani ni zawadi nzuri na nafuu, ila sokoni kuna takataka nyingi. Tazameni mstari unaorudisha mwanga: uwe na upana wa sentimita 5 au zaidi, uzunguke kiwiliwili, na uwe umeshonwa, maana uliobandikwa huanza kumenyuka baada ya kufuliwa mara chache. Lebo yenye EN ISO 20471 ni dalili njema, lakini lebo pia hughushiwa, kwa hiyo jaribuni usiku: mtu akivae asimame hatua thelathini, ummulike kwa tochi uliyoishika usawa wa macho yako. Mstari ukibaki kijivu, rudisheni dukani. Msichapishe nembo ya duka lenu mgongoni, na msiandike "POLISI" bila kuambiwa. Sare, vyeo, pingu na chochote kinachofanana na sare havinunuliwi na raia hata kidogo.

Sanduku la huduma ya kwanza la gari la doria lina thamani kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu mara nyingi askari ndiye wa kwanza kufika kwenye ajali na hushika damu kwa mikono mitupu. Wekeni boksi moja la glovu za hospitali (huwa na glovu 100), bandeji kumi za upana wa sentimita 10, pakiti ishirini za shashi iliyotakaswa, bandeji nne za pembetatu, mkasi wa kukatia nguo, plasta ya roli, na tochi ya kichwani. Joto la ndani ya gari huharibu gundi ya plasta na kuchakaza glovu, hivyo mtu wa kukagua na kujaza upya apangwe tangu siku ya kukabidhi. Tatizo jingine: kwa kuwa ni mali ya kituo, sanduku hufungiwa ofisini lisipotee. Andikeni kwenye hati ya makabidhiano kwamba ni la gari namba fulani.

Hati yenyewe ni karatasi moja yenye orodha ya vitu, idadi, thamani, tarehe, na sahihi za pande mbili. Nakala mbili. Bila hiyo, mwaka ujao hakuna atakayejua viti kumi vilikwenda wapi, na lawama itawaangukia wasiohusika.

Kuhusu chakula, msishangae kikikataliwa. Askari mwenye bunduki begani ana sababu ya kutokula kilichopikwa na asiyemjua. Maji ya chupa zilizofungwa hayana ubishi. Mkiruhusiwa kupika, pikeni hapohapo kituoni au leteni kikiwa bado cha moto. Kwa watu 30 pilau la kilo 5 za mchele na kilo 5 za nyama linatosha na kubaki. Fungasheni kwanza vya walioko lindo na doria. Hao ndio hukuta sufuria tupu kila mwaka.

Siku yenyewe

Mwachieni OCS achague saa. Asubuhi wakati wa paredi ndiyo rahisi, kwa kuwa askari tayari wako pamoja. Ijumaa mchana na siku za mnada au mechi kubwa, achaneni nazo. Kaunta haifungwi na lindo haliondolewi kwa ajili ya sherehe. Aliye kazini ataletewa cheti chake pale alipo.

Dakika arobaini zinatosha. Barua isomwe yote na mtu aliyeona tukio, si mgeni rasmi. Mwanamke aliyesaidiwa na dawati la jinsia asiombwe kusimama kutoa ushuhuda, hata akijitolea mwenyewe. Kesi inaweza kuwa bado inaendelea, na mtaani ataishi na maneno yake. Mgeni rasmi azungumze mwisho na kwa ufupi, kama mtaweza kumzuia. Mkoa wenu ukifanya siku ya familia ya polisi, ombeni nafasi pale mtoe vyeti: wake, waume na watoto wa askari nao wasikie, kwa sababu wao ndio wanaokesha wakisubiri mlango ugongwe.

Picha na mitandao

Waliovamia Stakishari walifuata silaha. Kwa hiyo picha inayoonyesha ghala la silaha lilipo, mlango wa nyuma, idadi ya walioko usiku au ratiba ya zamu ni habari kwa asiyestahili kuijua. Pigeni picha nje, migongo ikielekea ukuta au bendera. Mahabusu wasionekane. Wapelelezi wanaovaa kiraia wasipigwe picha kabisa, hata wakiwa kwenye foleni ya pilau. Muulizeni kila askari kabla ya kumweka mtandaoni, na msitaje anakoishi wala shule ya watoto wake. OCS azione picha kwanza. Ni dakika tano tu.

Askari akifa kazini

Hapa haraka ndiyo huharibu. Msitume jina wala picha kwenye magrupu kabla jeshi halijatangaza; mke wake anaweza kuwa kwenye grupu hilo. Picha za mwili au za eneo la tukio zifutwe, zisisambazwe "kwa masikitiko".

Jeshi la Polisi huandaa heshima za mwisho kwa utaratibu wake. Mtaa uulize kituoni ratiba na nafasi ya wananchi, kisha ujipange: kufunga maduka kwa saa moja, kusimama kando ya barabara mwili ukipita. Rambirambi zikusanywe na watu wawili, ziandikwe kwenye daftari, zikabidhiwe kwa msemaji wa familia mbele ya watu. Hapa pesa ni halali, kwa kuwa zinakwenda kwa wafiwa. Mwezi wa tatu au wa nne baada ya msiba, wageni wakishaondoka, tumeni tena watu wawili. Familia inayoishi kwenye nyumba za polisi huenda wakati huo ikawa inafikiria pa kuhamia.

Kenya

Utaratibu unafanana. Barua huenda kwa OCS, nakala kwa kamanda wa polisi wa kaunti ndogo, na mnaweza kupitia chifu au kamati ya Nyumba Kumi. Badala ya RB mtatumia namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Sheria ya mwaka 2016 dhidi ya hongo inamfunga mtoaji pia, basi "kitu kidogo" kisiingie hata kwa jina la shukrani. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi.

Kokote mlipo, kumbukeni uhamisho. Mkisikia askari mliyemtaja amehama, msiitupe barua wala kuandika nyingine. Ongezeni nakala moja kwa kamanda wa mkoa, mumwombe kwa sentensi moja aipeleke kituo kipya cha askari huyo, na ngao akabidhiwe OCS wa zamani aisafirishe, kwa kusaini.