Gari Uliloliacha Dar Likiota Kuvu

Nilifungua mlango wa gari langu Mbezi Beach mwanzoni mwa Juni, siku ya pili baada ya kutua kutoka Birmingham, nikadhani mtu amemwaga unga wa sembe kwenye usukani. Haukuwa unga. Usukani, gia, mkanda wa dereva na migongo ya viti vilikuwa vimevaa utando mweupe wenye madoa ya kijani, na harufu iliyonipokea ilikuwa ile ya nguo zilizosahaulika kwenye ndoo tangu juzi. Gari lilifungwa Februari. Masika yote lilikaa hivyo.

Kosa la kwanza nililifanya palepale. Niliwasha AC mpaka mwisho, nikaning'iniza marashi ya gari kwenye kioo cha ndani, nikawapakia watoto twende Kariakoo. Hatujafika Mwenge, mwanangu mwenye pumu alikuwa anakohoa mfululizo na ikabidi tushuke. Kosa la pili lilikuwa kumpigia shemeji na kumlaumu kwamba aliacha kioo wazi. Baadaye nilimwomba radhi, na sababu utaiona hapa chini.

Kwa hiyo kama uko Minneapolis, Oslo au Dubai na una gari limelala Tegeta au Kigamboni likikusubiri likizo, soma haya kabla hujamnunulia mtu marashi.

Kwanza, tambua una ugonjwa gani. Kuvu inataka unyevu, joto na chakula. Chakula kimo ndani ya gari siku zote: vumbi, jasho, makombo ya maandazi, mafuta ya viganja. Ndiyo maana usukani na gia huanza mapema kuliko dashibodi. Joto la Dar lipo mwaka mzima. Kinachopanda na kushuka ni unyevu. Hewa iliyofungwa ikikaa juu ya asilimia 70 hivi ya unyevu kwa siku kadhaa, kuvu inaweza kuamka, na asubuhi za Aprili pwani yetu huvuka 80 bila kujitahidi. Kwa hiyo hata gari lisilovuja tone linaweza kuota utando mwembamba juu ya ngozi na plastiki. Huo ni ugonjwa wa hewa, na tiba yake ni rahisi.

Ugonjwa wa pili ni maji, yaani gari linavuja. Vua kiatu, ubaki na soksi, ukanyage kapeti la kila upande kwa nguvu, mbele na nyuma. Usiridhike na kapeti la juu, maana chini yake kuna sponji nene ambayo inaweza kushika maji wiki nyingi huku juu pamekauka. Inua ukingo wa plastiki pale mlangoni, ingiza mkono chini, bonyeza. Mimi nilibonyeza upande wa abiria mbele, maji yakapanda katikati ya vidole.

Yalipitia wapi? Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe. Chini ya wipa kuna mfereji unaopokea maji ya kioo cha mbele na kuyatoa pembeni, karibu na tairi za mbele. Majani ya mwembe yalikuwa yameoza humo na kuziba matundu. Mvua ikinyesha, maji yalijaa kama kwenye karai, yakapanda hadi kwenye tundu ambalo feni ya gari huvutia hewa ya nje, yakashuka ndani hadi miguuni. Vioo vilikuwa vimefungwa barabara. Shemeji hakuwa na kosa lolote, mwembe nao usingeomba radhi, basi nikaomba mimi.

Njia nyingine za maji ziko chache na zinajulikana. Mpira mdogo wa kutolea maji ya AC ukiziba, maji yanarudi kwa abiria. Dalili yake ni kwamba gari halidondoshi tena maji chini likiwa limewashwa AC kwenye foleni. Gari lenye kioo cha paa lina vijibomba kwenye kona za fremu yake, navyo huziba kwa vumbi. Ndani ya paneli ya mlango kuna nailoni inayozuia maji yasiingie ndani, na fundi aliyebadilisha mota ya kioo au kufunga spika mara nyingi haibandiki tena vizuri. Mipira ya taa za nyuma ikichoka, maji hujaa kwenye shimo la spea taili, kwa hiyo toa hilo tairi na uangalie. Ukisikia harufu tamutamu na kioo kinashika utando wa mafuta kwa ndani, hayo si maji ya mvua, ni maji ya rejeta yanavuja kwenye hita. Hilo ni la fundi wa injini.

Ukitaka uhakika, tandika magazeti makavu sakafuni, mwingize mtu ndani na tochi, wewe nje umwage maji kwa kopo polepole: anza chini ya milango, panda kwenye vioo, maliza na paa. Subiri dakika chache kila hatua. Ukianza juu, kila kitu kitalowa na hutajua pametoboka wapi.

Kabla maji hayajazibwa, usisafishe chochote. Utafanya kazi mara mbili.

Kukausha ndiko kunakochukua siku, na ndiko watu wa likizo ya wiki mbili tunakokimbilia mwisho. Sponji ya chini ya kapeti haikauki kwa kuacha milango wazi. Lazima kapeti liinuliwe, na mara nyingi viti vitoke. Hapo mwite fundi umeme wa magari, si kijana yeyote mwenye spana. Chini ya viti vingi kuna nyaya za njano za eabegi, ile mifuko inayofumuka gari likigonga, na betri inapaswa kukatwa na kuachwa dakika kadhaa kabla ya kuzigusa. Kapeti likishatoka, anika juani kama unavyoanika godoro: ligeuze, lipigwe upepo pande zote. Sponji iliyoanza kunuka sana ni afadhali kuitupa na kukata nyingine.

Kuna jambo la hapa Dar ambalo mwongozo ulioandikwa kwa watu wa nchi zenye hewa kavu hautakwambia. Kuacha vioo wazi usiku kucha wakati wa masika hakukaushi gari. Hewa ya nje usiku imejaa unyevu, na unachofanya ni kuikaribisha. Fungua milango saa nne asubuhi jua likishapanda, funga saa kumi alasiri, kama mtu anayeanua mpunga kabla ya umande. Kuanzia Juni, kusi ikivuma na mvua zimekatika, kazi ni nyepesi sana. Ikiwa umeshuka Aprili na hakuna jua la kutegemea, tumia feni ya umeme ya nyumbani mlangoni, halafu funga gari, washa injini na AC kwenye hewa ya kuzunguka ndani kwa nusu saa au zaidi. AC ni mashine ya kukamua unyevu, utaona maji yakidondoka chini. Fanya hivyo nje palipo wazi, kamwe si ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa injini una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya.

Sasa kusafisha. Vijana wa kuosha magari wakiona kuvu watakwambia, "Tulipige maji lote ndani, bosi, lita-shine." Kataa kwa upole. Ulihangaika wiki nzima kutoa maji, hutayarudisha kwa mashine ya presha. Isitoshe, kuna nyaya, kompyuta na eabegi za pembeni mwa viti ambazo hazipendi kulowa.

Kaa nje kivulini, vaa barakoa na glavu, milango yote wazi, na mwenye pumu akae mbali. Usikung'ute kuvu kavu kwa brashi, maana vumbi lake litaruka na kutua pengine. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukikunje kila mara, kisha kitupe. Halafu chukua siki nyeupe ya dukani, changanya na maji nusu kwa nusu, nyunyiza kidogo, subiri kama robo saa, pangusa, kisha pitisha kitambaa cha maji safi na kikavu. Kwenye plastiki, klipu za mikanda na vifungo unaweza kutumia spiriti ya asilimia 70, mbali na sigara na moto wowote. Jaribu kila kitu kwanza mahali pasipoonekana. Viti vya ngozi vikishakauka vinahitaji mafuta yake, la sivyo vitapasuka. Silingi iguse kwa kitambaa tu, kwa sababu gundi yake ikilowa, kitambaa cha paa kitaning'inia kichwani kwako.

Jiki iache chooni. Inababua rangi, inadhoofisha nyuzi za mkanda, na ikichanganyika na siki inatoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Mkanda wa usalama uvute wote mpaka mwisho, ubane usirudi, uoshe kwa maji na sabuni laini, uache ukauke kabisa hukohuko nje. Ukirudi umelowa kwenye kificho chake, wiki ijayo utautoa una madoa yaleyale.

Chujio la hewa ya AC liko nyuma ya kisanduku cha dashibodi kwenye magari mengi ya Kijapani tunayoendesha. Badilisha, usioshe. Nenda Kariakoo au Gerezani na la zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi, usiende na jina la gari peke yake.

Kama gari liliingiwa na maji ya mafuriko, yale ya bonde la Msimbazi pale Jangwani kwa mfano, sahau karibu yote niliyoandika. Maji yale yana vinyesi. Sponji, kapeti na viti vya kitambaa ni vya kutupa, na usiwashe gari kabla fundi hajaangalia injini na umeme. Na ukinunua gari la mtu kwa kupiga simu ukiwa ugenini, mtume ndugu avute mkanda wa nyuma mpaka mwisho na ainue kapeti la buti. Mstari wa tope kwenye mkanda hauna maelezo mengine.

Kabla hujapanda ndege kurudi, ondoa chakula, viatu vya mazoezi, miavuli na khanga za mama zilizosahaulika nyuma. Likaushe gari siku ya mwisho kwa kuzima AC dakika tano kabla ya kufika na kuacha feni ivume, ili mapafu ya AC, pale hewa inapopozwa, yasilale yamelowa. Liegeshe chini ya bati lililo wazi pembeni, mbali na miti. Kava la nailoni lisilopumua ni baya kuliko kutofunika. Weka garini vile vikopo vya chembechembe vya kunyonya unyevu ambavyo watu huweka kabatini, ila viwe sakafuni ndani ya bakuli, kwa sababu maji yanayokusanyika ni ya chumvi kali na yakimwagika kitini hayatoki. Kipima unyevu kidogo cha dijitali kiache kwenye dashibodi. Ni chepesi, beba kwenye sanduku.

Na mwachie mtu kazi, usimwachie funguo tu. Gari lisiloguswa kabisa ndilo linaloharibika. Shemeji na mimi tumekubaliana hivi: kila Jumamosi mchana anafungua milango yote saa moja, anasafisha majani chini ya wipa, anaendesha mpaka Bunju na kurudi AC ikiwaka, ananitumia picha ya kipima unyevu. Mimi natuma hela ya mafuta, na simuulizi akilichukua kwenda harusini.

Marashi yale niliyoyaning'iniza siku ya kwanza niliyashusha mwenyewe kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Shemeji anahitaji pua yake.