Mkoa, saa na kiti cha basi: lini upambe sehemu za kawaida za fomu, lini uunde zako

Natengeneza kurasa za kukatia tiketi za mabasi ya mikoani. Karibu kila kazi mpya huanza na dizaina kuniletea picha ya orodha ya mikoa yenye kona za mviringo, kivuli na rangi za kampuni. Hapo ndipo swali linapokuja: nipambe `select` ya kivinjari (orodha ya kuchagulia iliyomo tayari kwenye HTML), au niunde yangu kwa `div` (kisanduku tupu cha HTML) na JavaScript? Msimamo wangu: anza na kilichopo, kipambe kadiri kinavyokubali, na uunde chako pale tu ambapo HTML haina kitu cha kazi hiyo.

Kwanza chukua `select` tupu uichezee kwa kibodi. Tab inakufikisha hapo, mishale inapanda na kushuka, ukiandika "Mo" haraka inarukia Morogoro, na Esc inafunga. Kwenye Android orodha hufunguka kwa mistari mikubwa inayogusika vizuri kwa kidole gumba, na TalkBack, kisomaji cha skrini cha Android, humsomea asiyeona chaguo lililopo. Abiria aliye stendi ya Magufuli pale Mbezi, mtandao ukiwa unasuasua na JavaScript haijafika, bado anachagua mkoa wake. `div` haina hata kimoja kati ya hivyo. Ukiunda yako, kila kimoja lazima ukiandike, ukipime, na ukitunze miaka yote. Mimi huviorodhesha vyote na kumpa mteja pamoja na bei, aamue akijua analipia nini.

Kupamba kwenyewe si kugumu. `appearance: none` huondoa kishale na umbo la kivinjari, kisha unaweka mpaka, nafasi na kishale chako kwa `background-image`. Maandishi yasipungue pikseli 16, la sivyo Safari ya iPhone itakuza ukurasa mtu akigusa sehemu ya kuandika. Kwa visanduku vya kuteua na vitufe vya redio, mstari mmoja wa `accent-color` unatosha kuleta rangi ya kampuni. Orodha ikishafunguka ndipo vivinjari vingi hukataa kupambwa. Chrome, kuanzia toleo la 135 la mwaka 2025, inaruhusu kwa `appearance: base-select`, na kivinjari kisichoielewa kinaonyesha orodha yake ya kawaida. Hakuna abiria anayekwama.

Tarehe ya safari: `input type="date"` yenye `min` na `max`, basi.

Saa inahitaji kufikiriwa zaidi. `input type="time"` huonyesha 09:00 au 9:00 AM, kulingana na mpangilio wa simu, wakati abiria wetu anajua basi linaondoka saa 3 asubuhi. Wengi hapa hukimbilia kuunda saa yao. Haina haja. Basi haliondoki dakika yoyote tu, lina nyakati chache zinazojulikana, kwa hiyo weka vitufe vya redio:

`<label><input type="radio" name="saa" value="09:00"> Saa 3:00 asubuhi</label>`

Abiria anasoma saa yake, seva inapokea 09:00. Kuwa makini na mabasi ya usiku. Kwa kompyuta, 00:30 ni siku mpya tayari, ila abiria bado anauhesabu ule ni usiku wa jana. Andika "Saa 6:30 usiku, kuamkia Alhamisi". Hili nalisisitiza sana, kwa sababu anayekosea hapa anafika stendi basi lilishaondoka.

Ramani ya viti ndiyo ninayoiunda mwenyewe bila kusita. HTML haina kitu kama hicho. Lakini hata hapo kila kiti, kwa ndani, ni kisanduku cha kuteua. Vyote naviweka ndani ya `fieldset` (kikundi cha sehemu za fomu) yenye `legend` (kichwa chake) "Chagua viti", kisha CSS Grid, yaani mpangilio wa gridi, ya safu tano kwa basi la mbili kwa mbili, safu ya katikati ikiwa njia. Kisanduku kifiche kwa `opacity: 0` na ukitandaze juu ya kiti kizima. Usitumie `display: none`, kwa kuwa kibodi haitakiona tena. Kiti kilichouzwa kipe `disabled` na alama ya X, maana rangi nyekundu peke yake haimsaidii asiyetofautisha rangi. Lebo iseme "Kiti B3, dirishani". Mwongozo wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023, unaohusu kurasa zinazotumika na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka kitu cha kugusa kiwe angalau pikseli 24 kwa 24. Mimi naweka 44, na kwenye skrini ya upana wa 360 safu tano zinaenea bila kubanana. Usisahau `:focus-visible` yenye mpaka mnene, ili anayetumia kibodi aone yuko kiti gani.

Kabla ya kukabidhi, chomoa mausi ukate tiketi hadi malipo. Rudia kwa TalkBack ukiwa umefumba macho, kisha kwa maandishi yaliyokuzwa asilimia 200, kwenye simu ya bei nafuu. Sehemu uliyoiunda ikikwama kwenye jaribio lolote, iondoe urudishe ya kawaida hadi utakapoirekebisha.