Jinsi ya kuzisaka na kuzisoma hataza za magari ya enzi zile ukiwa na simu tu hapa Dar

Kama we ni fundi, au mwanafunzi wa DIT au VETA pale Chang'ombe, au mtu tu unayependa kujua kwa nini stata ya gari lako imekaa ilivyokaa, kuna shule ya bure ambayo watu wengi hapa mjini hawaigusi kabisa, nayo ni hataza (patent) za zamani. Nazungumzia zile za kuanzia miaka ya 1870 hivi mpaka vita ya kwanza ya dunia, kipindi ambacho gari lilikuwa bado halijajua litakuwa na sura gani, kila mtu anakuja na la kwake, huyu mkanda wa ngozi, yule mnyororo, mwingine gia. Mvumbuzi alikuwa anaanika siri yake yote kwenye karatasi, mchoro kwa mchoro, mpaka fundi mwingine aweze kuitengeneza, na serikali nayo inampa miaka kadhaa ya kuwa nayo peke yake. Ile miaka ilishaisha zamani, karatasi zimebaki za kila mtu.

Kinachohitajika ni simu na bando. Laptop ni nzuri zaidi maana michoro mingine ni mikubwa ila sio lazima. Tovuti ziko tatu za maana: Google Patents, Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya, na DEPATISnet ya Wajerumani, zote bure na hamna kujisajili. Mi huwa naanzia Google Patents kwa sababu ni nyepesi kwenye simu, nikitaka kitu cha Mjerumani au Mwingereza nahamia Espacenet.

Usianze kwa kuandika maneno, anza na namba. Hapa ndo watu wengi wanakata tamaa, mtu anaandika "wiper" anategemea aone wipa ya kwanza kwanza, anamwagiwa maelfu ya vitu vya Wajapani vya juzi juzi. Hataza ya zamani inajulikana kwa herufi mbili za nchi, namba, alafu herufi ya mwisho. Jaribu sasa hivi US743801A, hiyo ni wipa ya mama mmoja wa Alabama anaitwa Mary Anderson, imetolewa 10 Novemba 1903, dereva anavuta mkono akiwa ndani na mpira unafuta kioo kwa nje. Na kichwa chake cha habari hakina hilo neno la wipa ulilokuwa unalitafuta, kimeandikwa kifaa cha kusafishia dirisha, ndo maana usingekipata. Zingine za kuanzia nazo: DE37435C ya Benz, maombi ya 29 Januari 1886, lile gari la matairi matatu. DE67207C ya Rudolf Diesel, ya 1892. US549160A ya George Selden, hii tutairudia maana ina visa. US1150523A ya Charles Kettering ya kuwashia injini kwa umeme. Ukiwa na hizo tu una kazi ya wikiendi nzima.

Mtego uko kwa Mwingereza. Namba zao zilikuwa zinaanza upya kila mwaka mpaka 1915, kwa hiyo ukikuta mahali pameandikwa hataza ya Uingereza namba 12,000 na kitu bila mwaka, hiyo haikusaidii chochote, kila mwaka kuna namba kama hiyo. Kwenye Espacenet unaandika GB alafu mwaka wenye tarakimu nne alafu namba yenye tarakimu tano, kama namba ni fupi jazia sifuri mbele, mwisho weka A. Kuanzia 1916 waliacha huo mchezo, wakaanza na 100,001 na kuendelea mfululizo.

Huna namba? Tumia kodi (code) za makundi, na kwa sisi ambao Kiingereza cha mwaka 1905 hatukukua nacho hii ndo njia tamu kuliko zote kwa sababu kodi haina lugha. Kila hataza hata ya zamani imepangwa kwenye kundi lake. F02M ni mambo ya kupeleka mafuta kwenye injini, kabureta ziko humo. F02N ni kuwasha injini, F02P ni moto wa plagi na magneto, F01L ni valvu, F16D klachi, F16H gia, B60T breki, B60C matairi, B62D ina usukani, B60S ndo yenye wipa. Unaandika kodi, unaweka na tarehe ya mwisho tuseme kabla ya 1915, unaanza kushuka nayo taratibu. Ukipata moja nzuri angalia imepewa kodi gani ndefu zaidi, ile yenye mkwaju (/) katikati, ibonyeze, utaletewa ndugu zake wote. Kutafuta kwa jina la mvumbuzi nako kunasaidia ila usikuamini sana, maandishi ya zamani yalisomwa na mashine kutoka kwenye picha, na mashine ikikuta wino umefifia inaandika inavyojisikia.

Haya umeipata, unaisomaje. Watu wanaangalia mchoro, wanasema aaah kumbe, wanafunga. Mchoro ni mwanzo tu. Fungua PDF yenyewe, sio maandishi yaliyochapwa pembeni. Kila kipande kwenye mchoro kina herufi au namba, chukua karatasi, andika A ni nini, B ni nini, kadiri unavyosoma maelezo. Usitafute vipimo, mara nyingi havipo, na mchoro wenyewe haujachorwa kwa uwiano, kwa hiyo usije ukaupeleka kwa mtu wa kuchonga vyuma kule SIDO Vingunguti ukamwambia nitolee hiki. Mchoro wa hataza unaeleza wazo, mchoro wa karakana ni kazi nyingine, hiyo utaifanya mwenyewe. Pale ambapo wametaja inchi, zidisha kwa 25.4 upate milimita.

Alafu nenda mwisho wa maandishi, kwenye madai. Madai ni zile sentensi ndefu zenye namba 1, 2, 3 ambazo mvumbuzi anasema mimi nadai hiki na hiki. Hapo ndo penye hataza yenyewe. Mchoro unaweza kuonyesha gari zima ila madai yakawa ni ya springi moja tu, basi mali yake ilikuwa ile springi.

Ukitaka kuelewa uzito wa madai soma ya Selden. Huyu alikuwa mwanasheria wa hataza kule Rochester, New York. Mwaka 1876 aliiona injini ya George Brayton kwenye maonyesho ya Philadelphia, akapiga hesabu zake, tarehe 8 Mei 1879 akapeleka maombi ya gari zima la barabarani. Dai lake la kwanza ukilisoma linatisha, ni gari lenye magurudumu na usukani, injini ya mafuta ya kimiminika yenye kugandamiza, tanki, shafti inayozunguka haraka kuliko gurudumu, klachi katikati, na bodi. Yani kila kitu. Sasa ujanja wake uko wapi, sheria ya Marekani wakati huo ilikuwa inakupa miaka 17 kuanzia siku hataza inapotolewa, sio siku uliyopeleka maombi, kwa hiyo jamaa akawa anarekebisha rekebisha maombi yake mwaka baada ya mwaka bila haraka mpaka 5 Novemba 1895 ndo ikatoka, soko la magari likiwa ndo linaanza kuchemka. Mwaka 1903 watengenezaji wakaunda chama chao, kila gari linalouzwa wanalipia asilimia 1.25 ya bei. Henry Ford akagoma, wakamshtaki mwaka huo huo. 1909 akashindwa. Wengi wangelipa hapo, yeye akakata rufaa, na Januari 1911 majaji wakasema hivi: hataza ya Selden ni halali, ila Ford hajaigusa, kwa sababu ile injini iliyo kwenye madai isomwe kuwa ni ya aina ya Brayton, na Ford anatumia aina ya Otto, ile ya mapigo manne, kama karibu wenzake wote. Kesi ya miaka saba na ushee imeamuliwa na aina ya injini ndani ya sentensi moja. Na ilikuwa imebaki chini ya miaka miwili tu hataza ifike mwisho wake.

Kwa hiyo ukisoma dai lolote jiulize kila neno linabana nini. Neno likiongezeka eneo linapungua, hilo liweke kichwani.

Angalia tarehe mbili, sio moja. Ya kupeleka maombi na ya kutolewa. Ya Kettering ilipelekwa 1911 ikatoka 1915, wakati Cadillac za 1912 zilishakuwa zinawashwa kwa umeme barabarani. Ukitaja ile ya 1915 peke yake utamwambia mtu historia ya uongo.

Na usidhani kwamba kilichoandikwa kwenye hataza ndicho kilichofanya kazi. Ya Diesel ya 1892 inaeleza uchomaji ambao joto halipandi wakati mafuta yanaungua, kwenye karatasi inapendeza, ila injini iliyokuja kukubali kule Augsburg mwaka 1897 haikufanya kazi hivyo. Ofisi inaangalia kama kitu ni kipya, haikuwashii injini.

Kuna kingine cha kukagua, je ilibaki hai? Nicolaus Otto alikuwa na hataza ya Ujerumani namba 532 ya 1877 ya injini ya mapigo manne, aliwasumbua nayo watu kweli kweli, mpaka 1886 ikafutwa baada ya kuonekana kwamba Mfaransa Beau de Rochas alishayaeleza hayo mapigo manne kwenye maandishi yake ya 1862. Huyo Mfaransa wala hakujenga injini, aliandika tu. Dunlop naye, tairi lake la upepo la 1888 lilikuja kukwama kwa sababu Robert William Thomson alishapata hataza ya kitu hicho hicho mwaka 1845, kabla hata baiskeli yenyewe haijajulikana vizuri. Sasa unaona kwa nini nakwambia uzoee kutafuta, hao walikuwa na pesa na wanasheria na bado kuna karatasi ilikuwa imelala mahali inawasubiri.

Ninayoipenda mimi kuliko zote ni US367496A ya James Atkinson, ya 1887. Otto kabana njia, huyu bwana akaamua apite pembeni, akaunda viungo vya ajabu kwenye kranki ili mapigo yote manne yaishe ndani ya mzunguko mmoja wa shafti, na pigo la kusukuma liwe refu kuliko la kuvuta hewa. Ule utaratibu wa viungo hukuti kwenye magari ya leo ila wazo la pigo refu la kusukuma liko hai, Prius zinazokatiza Sam Nujoma kila siku zinalitumia, wao wanalipata kwa kuchelewesha valvu kufunga. Fungua mchoro wake taratibu, ufuate kiungo kwa kiungo kwa penseli, ni mgumu kidogo.

Sasa swali ambalo lazima liulizwe, je naweza kutengeneza na kuuza? Kwa hizi za kabla ya vita ya kwanza ndio, zimekufa zote kwa umri, hamna wa kumlipa. Je naweza kuichukua nikaisajili BRELA, ofisi yetu ya usajili, kwa jina langu? Hapana, na hili naona linawachanganya vijana. Sheria yetu ya hataza, sura ya 217, inataka kitu kiwe kipya duniani, sio kipya Buguruni. Mchoro wa 1905 uliolala Munich unatosha kukuangusha. Unachoweza kudai ni kile ulichoongeza wewe, tuseme umechukua breki ya zamani ukaibadilisha ikae kwenye bajaji ya mizigo kwa namna ambayo haijawahi kuwepo, dai hiyo namna. Kama ulichoongeza ni kipya na kinafaa kiwandani ila sio ugunduzi mzito, uliza habari za cheti cha vumbuzi ndogo, masharti yake ni mepesi kidogo. Hataza yenyewe hapa ni miaka 10, inaweza kuongezwa mitano mara mbili kwa masharti. Zanzibar wana ofisi yao BPRA, na ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa maombi mamoja kuna ARIPO, shirika la Afrika la miliki bunifu, kule Harare. Na tafadhali peleka maombi kwanza ndo urushe video, maana video yako mwenyewe nayo inaweza kuhesabika kuwa umeshaianika.

Ukishapata unazozitaka usiprinti zote, stationari watakumaliza hela, hataza nyingine zina kurasa kibao za maelezo. Printi kurasa za michoro na ule wa madai tu, michoro uiweke A3 kama ina herufi ndogo ndogo, maelezo yabaki kwenye simu. Faili lipe jina kwa mwaka kwanza alafu namba, mfano 1887-US367496, zitajipanga zenyewe.