Soma mishipa ya jani kabla hujanunua mbolea wala dawa

Jani likianza kuwa manjano, mkono hukimbilia mbolea. Subiri kwanza. Ukitazama umanjano umekaa wapi kwa kulinganisha na mishipa, utatofautisha njaa ya madini, ugonjwa na kiu, mambo matatu ambayo tiba zake hazifanani hata kidogo. Naitrojeni haiponyi upungufu wa chuma, na kumwagilia zaidi mizizi iliyoanza kuoza ni kuimaliza.

Andaa wembe mpya, lenzi ya kukuza mara 10, glasi mbili zinazopitisha mwanga, na rangi ya chakula ya bluu au nyekundu.

Hatua ya 1: Jua bomba lipi linabeba nini

Kila mshipa ni fungu la njia za aina mbili. Zailemu huleta maji na madini kutoka mizizini. Chembe zake zimekufa na kubaki mirija mitupu. Floemu ni hai, nayo huondoa sukari iliyotengenezwa kwenye jani na kuipeleka mizizini, kwenye matunda na kwenye machipukizi. Katika majani mengi zailemu imelalia upande wa juu wa mshipa, floemu upande wa chini. Hii ni sababu mojawapo ya kuwakuta vidukari, ambao hunyonya floemu, wamejipanga chini ya jani kando ya mishipa. Dawa ikipulizwa juu tu, wanaendelea na mlo wao.

Hatua ya 2: Yaone maji yakipita

Chukua jani la ndani la kabichi, lile lililopauka. Mimina mililita 200 za maji kwenye glasi na utie matone 20 hadi 25 ya rangi. Zamisha kitako cha jani kwenye bakuli la maji safi, kata sentimita 1 hadi 2 kikiwa bado ndani ya maji, kisha hamishia jani kwenye glasi bila kuchelewa. Ukikatia hewani, mapovu huingia kwenye zailemu na kuziba njia, halafu rangi ndiyo inayolaumiwa.

Weka penye mwanga na hewa inayotembea. Baada ya saa 2 hadi 4 uti wa jani huwa umeshika rangi. Mishipa midogo huonekana vizuri kesho yake. Fanya hivyohivyo kwa jani la pili kwenye glasi nyingine, ila hili lifunike kwa mfuko wa plastiki. Rangi itapanda polepole zaidi, kwa sababu kinachoyavuta maji juu ni mvuke unaotoka kwenye vitundu vya jani.

Hatua ya 3: Kata uti

Kwenye mmea hai wenye majani ya mishipa ya mtandao, kata uti wa jani moja katikati kwa wembe, pengo la milimita 2 au 3. Mara nyingi ncha haifi, ingawa huweza kulegea kidogo jua likiwa kali. Maji yamezunguka kupitia mishipa midogo iliyounganishwa kama wavu. Ndiyo maana matundu machache ya viwavi kati ya mishipa si ya kutia hofu kama kikonyo kilichovunjika: kikonyo hakina njia ya kuzungukia.

Hatua ya 4: Soma rangi

Hapa usiharakishe. Inua jani dhidi ya mwanga, ujiulize maswali mawili: ni jani la zamani au changa? Mishipa yenyewe imebaki kijani au la?

Umri wa jani una maana kwa sababu ya floemu. Naitrojeni, potasiamu na magnesi huweza kuondolewa kwenye majani ya zamani na kupelekwa machanga kupitia floemu, kwa hiyo upungufu wake huanzia chini ya mmea. Chuma na kalsiamu hazihami kirahisi, hivyo upungufu wake hujitokeza juu.

Majani ya zamani yakipauka yote, mishipa ikiwemo, shuku naitrojeni. Yakiwa manjano kati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, shuku magnesi. Kingo za majani ya zamani zikiungua, shuku potasiamu. Majani machanga yakipauka yote pamoja na mishipa, fikiria salfa. Machanga yakiwa manjano au karibu meupe huku hata mishipa midogo ikionekana kama wavu wa kijani, ni chuma. Manganizi hufanana, ila mpaka kati ya kijani na manjano hufifia.

Kwa chuma kuna kipimo rahisi. Yeyusha gramu 3 hadi 5 za salfeti ya chuma katika lita 1 ya maji, ongeza tone la sabuni ya maji, upake nusu moja tu ya jani changa jioni. Nusu ya pili ni ya kulinganishia. Ikiwa baada ya wiki moja hivi upande uliopakwa umerudisha kijani, umepata jibu. Hata hivyo chuma huwa kimo udongoni mara nyingi. pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ikizidi 7, au maji yakituama, mizizi hushindwa kukichukua. Pima pH na urekebishe njia ya maji kabla ya kununua chochote. Kwa magnesi, nyunyizia chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi), gramu 10 hadi 20 kwa lita 1, ukijaribu mmea mmoja kwanza.

Kalsiamu husafiri karibu yote na maji ya zailemu. Majani machanga yaliyojikunja ndani hayatoi mvuke mwingi, sawa na jani ulilolifunika kwa mfuko katika Hatua ya 2, kwa hiyo ncha zake huungua hata udongo ukiwa na kalsiamu ya kutosha. Mwagilia kwa kiasi kisichoyumba na uruhusu hewa ipite kabla ya kuongeza chokaa.

Hatua ya 5: Soma mipaka ya madoa

Doa lenye pembe, lililokatwa wima na mishipa, ni alama ya vimelea vilivyozuiwa na ukuta wa mshipa. Ubwiri vinyoya wa matango na madoa pembe ya maharage huonekana hivyo. Kwenye majani ya mishipa sambamba, kama ya mahindi, kizuizi hichohicho hutoa michirizi mirefu badala ya pembe. Mabaka ya kijani na manjano yasiyofuata mpangilio wa mishipa, hasa jani likijikunja, huelekeza kwenye virusi.

Kabichi ikiwa na pembetatu ya manjano iliyoanzia ukingoni na mishipa myeusi ndani yake, huo ni uozo mweusi. Bakteria huingilia kwenye matundu ya ukingoni, yale yanayotoa matone alfajiri, kisha hushuka na zailemu. Ng'oa mmea huo na usimwagilie majirani zake kwa juu.

Hatua ya 6: Mmea ukinyauka

Kunyauka mchana na kuinuka jioni mara nyingi ni joto tu. Ukiwa umenyauka hata asubuhi na udongo una unyevu, kata kipande cha shina cha sentimita 5 karibu na ardhi, kining'inize ncha yake iguse maji safi kwenye glasi, usikitikise. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, bakteria wamejaa zailemu. Usipotoka, pasua shina kwa urefu: mistari ya kahawia chini ya ganda huashiria ukungu wa mishipa. Mmea wa namna hii hauokoki kwa mbolea. Uondoe pamoja na mizizi.

Hatua ya 7: Kabla ya kuhamisha miche juani

Jani lililokulia juani huwa na mishipa iliyosongamana kuliko la kivulini, na jani likishakomaa haliongezi mingine. Ukiutoa mche kivulini ghafla, majani yake ya zamani hayapati maji kwa kasi ya mvuke unaopotea, na kingo huungua. Anza na saa 1 ya jua la asubuhi, ongeza kila siku kwa siku 7 hadi 10. Majani ya zamani yakipata makovu yaache. Pima mafanikio kwa majani mapya yatakayochipuka.